Uainishaji wa Magonjwa ya Gari Kuukuu, Pamoja na Utetezi wa Giaboksi

Elimu ya magonjwa ya magari yaliyovuka kilomita 200,000 haijapata kitivo katika chuo kikuu chochote, ingawa wahadhiri wake wamejaa chini ya kila mwarobaini wenye kivuli cha kumtosha fundi na jeki yake. Kielelezo chetu ni Toyota Corolla 110 ya miaka ya 1990: injini 5A-FE, silinda nne, valvu 16, sisi 1,498, giaboksi ya oto yenye gia nne. Tumeiteua kwa sababu za kitaalamu kabisa. Bado inatembea, na kila mtu ana maoni juu yake.

Kilomita zenyewe zipokewe kwa tahadhari. Dashibodi inasoma 78,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma kinachungulia. Hapo mtafiti makini huachana na dashibodi, akasoma pedali.

Wataalamu wa fani hii wana madhehebu matatu. Dhehebu la Masikio huegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, macho yamefumbwa. Tusilicheke, maana chuma husafirisha sauti vizuri na wazee wake hukosea mara chache. Dhehebu la Mashine huchomeka kifaa chini ya usukani na kutangaza P0300 kwa sauti ya hakimu. Kodi hiyo inasema tu kwamba silinda zinamisi ovyo ovyo. Nani anayezifanya zimisi, mashine haijui. Tena Toyota nyingi za umri huu haziongei na mashine hizo: unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa. La tatu ni dhehebu la Tubadilishe Tuone, lenye waumini wengi kuliko hayo mawili kwa pamoja. Mbinu yake ni kubadilisha spea mpaka ugonjwa uishe au hela ziishe, na kwa kawaida hela hutangulia.

Moshi hautatuchelewesha. Mweusi, mafuta yanazidi. Wa bluu asubuhi tu wakati wa kuwasha, kisha ukapotea, ni sili za valvu. Wa bluu kila ukikanyaga, ringi zimechoka. Mweupe usiokoma huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ya silinda hedi imeungua. Mvuke wa asubuhi ya baridi kule Makambako si ugonjwa, mwacheni mwenye gari anywe chai yake.

Milio ina ugumu wake, kwa sababu hufika gereji ikiwa imeigizwa na mwenye gari. “Fundi, nikikata kona inafanya ka-ka-ka-ka.” Huyo hana injini mbovu wala giaboksi mbovu, ana joint ya ekseli iliyokwisha. Tik-tik-tik nyepesi ya juu ni valvu, na tiba ya kwanza ni kuchomoa kijiti na kutazama oili. Ngo-ngo-ngo nzito itokayo chini ni beringi za konrodi. Hapo zima gari palepale, mjadala utaendelea ukiwa umesimama.

Sasa tufike kwenye jamii yenye utata: magonjwa ya mshitakiwa asiyejulikana. “Gari haipandi mlima Kitonga” ni lalamiko linalotajwa kama ugonjwa mmoja, na hukumu yake hutoka kabla ya boneti kufunguliwa: giaboksi imekufa. Siafiki. Ukikanyaga na mshale wa rpm ukapanda ilhali mwendo hauongezeki, hapo giaboksi inateleza na lawama ni yake. Lakini ukikanyaga na mshale wenyewe ukagoma kupanda, injini ndiyo iliyoishiwa pumzi, na orodha ya washukiwa ni ndefu: chujio la mafuta limeziba, katalisti kwenye ekzosi imeziba, mkanda wa timingi umeruka jino. Kwa matajiri wa ushahidi lipo jaribio la breki: kanyaga breki kwa nguvu, vuta na hendibreki, weka D, kanyaga mafuta yote kwa sekunde zisizozidi tano. Rpm ikipita kipimo cha kitabu, klachi za ndani zinateleza. Isipokifikia, tazama kwanza injini. Jaribio hili halifanywi mbele ya ukuta wa jirani.

Mtikisiko wa kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa umepeleka giaboksi nyingi zisizo na hatia kwenye chuma chakavu. Gari hutetemeka kama linapita juu ya matuta madogo madogo, na mwenye nalo huanza kuulizia bei. Shika mwendo huo kwenye barabara tupu, usiachie mafuta, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto. Kufuli ya torki konvata huachia unapogusa breki; mtikisiko ukikatika papo hapo, ushahidi unaielekea giaboksi. Usipokatika, geukia plagi. Corolla yetu ina distributa na waya za plagi: injini ikiunguruma, chomoa waya mmoja mmoja kwa koleo lenye mpini wa mpira. Waya usiobadilisha chochote ukichomolewa ndio wa silinda iliyolala. Na kama gari hugonga gu! ukiingiza R, tazama mauntingi kwanza. Injini inayorukaruka kwenye mpira uliopasuka humsingizia kila aliye karibu.

Kwa silinda iliyolala, pima kompresheni. Ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi.

Shahidi wa mwisho ni kijiti cha ATF, oili ya giaboksi ya oto, nacho hakihongeki. Pima injini ikiwa ya moto, inaunguruma, gia iko P. Ikiwa nyekundu, kesi ni dhaifu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi zimeungua. Imepungua tu? Ongeza ile iliyoandikwa kwenye kijiti, si “yoyote nyekundu” kama wanavyofundisha Tubadilishe Tuone.

Basi kabla hujapanda daladala kwenda Gerezani kununua giaboksi, na Mnairobi kabla hajashuka Kirinyaga Road, na Mkampala kabla hajaingia Kisekka, fanyeni majaribio haya. Mengi hayana gharama. Na ATF ikitoka na rangi ya maziwa ya stroberi, jueni maji yamepita kwenye kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta iliyooza. Hapo usirudi na giaboksi peke yake. Nunua na rejeta.