Nani Alifika Kwanza Makobola

Ukitaka kuona ukoo unagombana bila hata chupa moja ya kasiksi, uliza nani alifika wa kwanza. Kwetu swali hilo liliingia kwa simu. Dada yetu, binti ya baba mdogo, ambaye vita vilimtoa hapa Makobola, vikampitisha kambi ya Nyarugusu hadi akapokelewa Louisville, Kentucky, alituma sauti ya WhatsApp. Mwanawe amepewa kazi ya shule. Darasani wanasoma habari za Daniel Boone, mwindaji aliyeongoza watu kufyeka njia ya milimani mwaka 1775 ili wahamiaji waingie Kentucky, na kila mtoto ametakiwa kumtafuta mzee wa kwao aliyefungua nchi. Kazi inatakiwa Jumatatu.

Baba mkubwa hakungoja sauti iishe. Alivuta kiti cha plastiki hadi katikati ya uwanja, akakohoa, akaniamuru niandike. Babu yetu alishuka kutoka milima ya Itombwe akiwa na mkuki, jembe na mbwa. Hapa palikuwa pori tupu, hakuna mtu. Akafyeka, akajenga, akapanda. Kisha, kwa vile hakuna aliyempinga, akaongeza kwamba babu huyo huyo ndiye aliyewaendesha kwa mtumbwi Wazungu wa kwanza kufika Uvira.

Nyanya alikuwa akigeuza ndagala juu ya turubai. Mkono ukasimama. "Wazungu gani?"

Ikabidi niseme nilichosoma. Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa Aprili 1858, wakitoka Ujiji kwa mitumbwi. Burton mwenyewe aliandika kwamba wapiga makasia wao waliiogopa sana pwani ya Wabembe, wakihofu kuliwa wakitua.

Nyanya alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Basi babu yako hakuwaendesha," alimwambia Baba mkubwa. "Yeye ndiye waliyekuwa wanamkimbia."

Mtu mzima akichekwa mbele ya watoto hutafuta ushahidi, na wetu ulikuwa kwenye sanduku la bati. Zamani lilikaa chini ya kitanda. Mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za ukingoni, liliokolewa likiwa limeshakunywa maji, likawekwa juu ya miti ya paa jikoni, na humo likasahauliwa. Ufunguo alikuwa nao Shangazi, na Shangazi alikuwa amekwenda sokoni Uvira. Tulimwomba Baba mkubwa angoje. Akachukua panga.

Kiti cha plastiki kina uvumilivu wake. Baba mkubwa alipopanda, mguu mmoja ulipinda kidogo. Alipoinua panga, ukakatika. Yeye alishika mti wa paa akabaki ananing'inia, miguu ikitafuta dunia, na sanduku likatangulia chini. Chini palikuwa na sufuria ya sombe iliyotoka kutiwa mawese. Kona ya sanduku ilizama humo, kufuli likafyatuka, historia ya ukoo ikamwagika nusu kwenye majivu, nusu kwenye mboga.

Tuliokota kitenge cha ndoa, kitana cha mti, na noti za Mobutu ambazo leo haziwezi kununua hata kiberiti. Karatasi za kodi za wakati wa Wabelgiji zilikuwa zimegandamana kuwa kipande kimoja kigumu, sasa chekundu kwa mawese. Nilijaribu kuzibandua kwa ncha ya kisu. Kilichosomeka ni nusu ya mhuri.

Shangazi alishuka kwenye pikipiki, akamwangalia kaka yake, akaangalia sufuria, wala hakuuliza. Alikaa chini, akaanza kutaja majina, kizazi kwa kizazi, bila karatasi. Yeye hakujifunza ukoo kwa mikuki wala mitumbwi. Aliujua kwa mbuzi: nani alitoa mbuzi wangapi, kwa binti wa nani, na nani mpaka leo hajamaliza kulipa. Na kwa hesabu ya mbuzi, babu yetu alishuka Itombwe akiwa na njaa, akawakuta Wasanze wanavua hapa ziwani. Walimlaza, wakamlisha samaki, baadaye wakampa mke. Shamba tunalojivunia lilikuwa la wakwe zake.

"Pori tupu," Nyanya alisema, "na jiko linawaka?"

Baba mkubwa alijitia hamnazo, akawa anashughulika na goti lake.

Tulipofika kwenye kizazi cha baba zetu, utani ulikatika wenyewe. Kuanzia Desemba 30, 1998 hadi mwanzo wa Januari 1999 mamia ya watu waliuawa hapa Makobola, na matawi mawili ya ukoo wetu yanaishia hapo. Baba mkubwa aliuliza kama inafaa mtoto wa shule asome hayo. Shangazi alisema mama wa mtoto huyo aliyavuka kwa mtumbwi usiku kwenda Kigoma. Hakuna la kumficha. Akataka kila jina liandikwe kamili, pamoja na mtoto mchanga ambaye alikuwa hajapewa jina. Huyo tuliandika jina la mama yake.

Jioni tulituma yote. Nyanya naye alikuwa na swali lake kwa Kentucky: huyo Boone alimkuta nani? Mtoto akajibu mwenyewe: aliwakuta Washawnee, mwaka 1778 walimteka, na mkuu wao Blackfish akamfanya mwanawe, baada ya miezi michache akatoroka.

"Akamtoroka baba yake?" Nyanya alishangaa. "Na mnamfundisha watoto?"

Mtoto akaongeza kwamba mashamba ya Boone yalimponyoka kwa sababu karatasi zake hazikuwa sawa, na mwaka 1799 akahamia Missouri. Baba mkubwa alitazama upande wa jikoni, akaguna. Sombe tulikula, tuliichota upande ule ambao sanduku halikugusa.

Kesho yake asubuhi ikaja sauti nyingine. Mwalimu amefurahi sana, ila anaomba picha ya yule mzee wa kwanza. Wakati sisi tunatafuta namna ya kujibu, Baba mkubwa alikuwa ameshanyoa ndevu, amevaa koti la kanisani, na anauliza mkuki umewekwa wapi.