Sifa za Nzi wa Ndizi Mbivu

Nzi wa matunda ni mdudu wa milimita tatu hivi, mwenye macho mekundu na mapenzi makubwa kwa chochote kilichoanza kuchacha. Ndizi ikipata madoa meusi, yupo. Kibuyu cha tembo la mnazi kikifunguliwa, ameshatumbukia. Wengi humjua kwa hayo tu, wakamfukuza kwa kupunga mkono. Ni utovu wa adabu, maana mdudu huyu ana mkono katika Tuzo za Nobel nyingi kuliko nchi kadhaa zenye bendera na wizara ya sayansi.

Asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara. Alifuatana na binadamu na matunda yake hadi akaenea duniani, bila viza. Mwanzoni mwa karne ya 20 alipata kazi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa Thomas Hunt Morgan. Masharti yalikuwa mepesi: nyumba ni chupa ya maziwa, mshahara ni ndizi, kazi ni kuzaana. Na kazi aliiweza. Ndovu hubeba mimba miezi 22. Nzi, kwenye joto la nyuzi 25, hutoka yai hadi mdudu kamili kwa siku kama 10. Mtafiti anayetaka kuona vitukuu vya ndovu aombe umri mrefu. Wa nzi asubiri mwezi.

Mwaka 1910 akaonekana dume mwenye macho meupe. Morgan alimpandisha kwa jike wa macho mekundu, na watoto karibu wote wakawa na macho mekundu. Kwa wajukuu weupe ukarudi, lakini kwa madume peke yao. Hivyo ikajulikana kuwa jeni ya rangi ile imo kwenye kromosomu ya jinsia. Morgan alipewa Nobel mwaka 1933, fedha nyingine akawagawia watoto wa wasaidizi wake wawili. Nzi hakutajwa kwenye mgao.

Hakununa. Alimpatia Hermann Muller tuzo ya 1946 kwa kukubali kupigwa eksirei hadi jeni zake zikaharibika. Tuzo ya 1995 ilitokana na jinsi kiinitete chake kinavyojua kichwa kikae wapi na mkia wapi. Ya 2017 ilihusu saa ya mwilini, ile inayomwamsha abiria wa Dar es Salaam usiku wa manane akiwa New York.

Angani pia alitangulia. Tarehe 20 Februari 1947 Marekani iliwarusha nzi kwa roketi ya V-2 hadi kilomita 109 hivi, wakashuka kwa parachuti wakiwa hai. Yuri Gagarin alifuata miaka 14 baadaye, na vitabu vya shule vikamkumbuka yeye.

Wenye kuona haya kumwita ndugu wana kazi ngumu. Zaidi ya nusu ya jeni zinazojulikana kuhusika na magonjwa ya binadamu zina wenzao ndani ya nzi. Tena utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa dume aliyekataliwa na majike, akiwekewa chakula chenye pombe na kisicho na pombe, huiendea pombe kuliko mwenzake aliyekubaliwa. Vilabuni jambo hilo lilijulikana zamani, ila hakuna aliyelipima.

Mwaka 2024 ilitangazwa ramani ya ubongo mzima wa nzi jike aliyekomaa: seli za neva kama 140,000 na miunganiko zaidi ya milioni 50. Binadamu ana seli hizo bilioni 86 hivi, kwa hiyo wanaotabiri kuwa akili ya mtu itahamishiwa kwenye kompyuta ili aishi milele wapange foleni nyuma ya mdudu. Ni vyema pia waulize utaratibu: ili ramani ile ichorwe, ubongo wa nzi ulikatwa vipande vyembamba kama 7,000.