Sifa za Tarehe 14

Kila mwezi, jioni ya tarehe 14, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei za mafuta zitakazotumika Kenya nzima hadi mwezi ujao. Hakuna tangazo linalolaaniwa kama hili. Kukicha, nauli ya matatu imepanda, mwenye lori la mboga ameongeza chake, na mama mboga kapunguza majani mawili kwenye fungu la sukuma. Bei ikishuka, nauli haishuki nayo. Kero hii naijua, na bado naisifu tarehe hii.

Naisifu kwa kuwa inatuambia ukweli tuliokuwa tukifichwa. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012, lakini kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa kiliacha kazi 2013, na kila lita tunayochoma hufika kwa meli ikiwa tayari imesafishwa ng'ambo na kuuzwa kwa dola. Vita vikizuka nchi ya mbali, pikipiki inayompeleka mjamzito zahanati huko Kakamega inatozwa gharama yake.

Kuanzia 2021 serikali iliifunika gharama hiyo kwa ruzuku. Aprili 2022, fedha za ruzuku zilipochelewa kuzifikia kampuni za mafuta, vituo vikakauka na foleni zikaziba barabara. Septemba mwaka huo ruzuku ya petroli ikaondolewa: lita moja Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Oktoba 2023 ikafika 217.36.

Mtazame mwendesha bodaboda bei ikiwa hapo. Anaingia kituoni na kusema, "Weka ya mia." Hiyo mia haifiki hata nusu lita. Ikimwishia njiani anashuka, anailaza pikipiki ubavu ili matone yaliyobaki tangini yatiririke kwenye kabureta, anaiinua haraka, anapiga kiki, na kuomba ifike stejini. Mwenzake mwenye pikipiki ya umeme anachomoa betri iliyoisha, anapachika iliyojaa, analipa kwa simu na kuondoka. Kijiweni wanalinganisha kilichobaki mfukoni jioni. Hakuna aliyewahubiria habari za tabianchi. Miaka na miaka ya warsha hotelini haikumfikia mtu huyu, bei imemfikia.

Na betri ile haijazwi kwa dizeli iliyojificha mahali. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria, huko Naivasha, imekuwa ikizalisha umeme kwa mvuke tangu 1981. Karibu na Ziwa Turkana imesimama mitambo 365 ya upepo. Shilingi iliyokuwa ikivuka bahari kwenda kununua petroli sasa inaweza kubaki Naivasha, na hilo linanifurahisha kwa dhati.

Lakini sifa zangu zina mpaka, nao ni mlango wa mama wa Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, anayepikia stovu. Mafuta ya taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, kwa sababu wafanyabiashara walaghai walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Kosa lilikuwa lao, malipo yakawa yake. Miaka mitano baadaye lita ilipita shilingi 200. Mwendesha boda ana betri ya kukimbilia. Huyu mama pesa zake huja kidogo kidogo, na mtungi wa gesi hununuliwa kwa mkupuo. Anarudi kwenye makaa, watoto wanalala ndani ya moshi. Kwake bei haijafundisha kitu, imemwadhibu tu.

Fedha za kumwokoa zipo. Mwaka 2020 tozo ya maendeleo ya petroli ilipandishwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na sehemu kubwa ikaishia kutuliza bei, ikimnufaisha zaidi mwenye gari kubwa kwa kuwa ndiye anayejaza tangi kubwa. Kama tozo hiyo ingempa yule mama mtungi wa kwanza na jiko lake, bei isingehitaji kufichwa. Kila mwanasiasa anayesimama jukwaani akiahidi kuirudisha ruzuku aulizwe kwanza ni mitungi mingapi fedha hizo zingenunua Mukuru, na ajibu kabla ya tarehe 14 ijayo.