Ng'ambo Bila Pasipoti

Wanaolalamika kwamba Ulaya ni ghali hawajaonja baraka za Malindi mwezi wa Disemba. Mimi mzawa wa hapa nimefika Italia bila viza. Tuktuk ya kutoka stendi hadi ufuoni ilinitajia nauli ya Roma. Mkahawani nikamkuta pweza wa mjomba wangu, yule yule aliyemvua alfajiri, sasa anaitwa polpo kwa Kiitaliano. Na jina jipya, wallahi, lina heshima yake, lazima lilipiwe. Nikashiba maji na mandhari, nikajikaza kama mtalii aliyeishiwa.

Vasco da Gama alipotua hapa 1498 alipewa chakula na rubani wa kumvusha hadi India. Ukarimu ule haujapotea, hasha! Ankara yake tu ndiyo imechelewa kutufikia.