Dakika Mbili za Fundi

Shuleni tulikaririshwa kwamba dakika ina sekunde 60, siku ina sekunde 86,400, na mwaka wa siku 365 una sekunde 31,536,000. Aliyepanga hesabu hizo hakuwahi kusubiri daladala Maili Moja.

Pale Kibaha muda unapimwa kwa abiria. "Bado mmoja, tunaondoka!" anapaza sauti mpigadebe, na viti vitano viko wazi. Akipanda mmoja, anashuka aliyechoka kusubiri, hesabu inaanza upya. Mama mwenye ndoo ya dagaa akauliza, "Konda mwanangu, tunaondoka saa ngapi?" Akajibiwa, "Dakika sifuri, mama!" Ndani ya dakika sifuri hiyo, abiria wa siti ya nyuma alikula mahindi mawili ya kuchoma, akagombana na mkewe kwenye simu, na wakapatana.

Wanasayansi hawataki mchezo huo. Tangu 1967 sekunde moja ni mitetemo 9,192,631,770 ya atomu ya sesiamu. Mtetemo mmoja haupungui wala hauzidi. Mpigadebe angeuambia usogee, akae mwenzake.

Lakini daladala ni cha mtoto. Nenda Kisarawe kwa fundi seremala niliyemwagiza kitanda. Kabla sijatoa kianzio, simu alikuwa anapiga yeye. Nilipotoa, simu zikawa zangu. "Kaka, bado dakika mbili tu, namalizia msasa." Nikaenda kuuona huo msasa. Mbao zangu zilikuwa zimeegemea ukuta, hazijaguswa hata na penseli, na chini yake kuku anaatamia. "Hizo ndizo zinakauka vizuri, kaka," akasema, akinivutia kigoda. Dakika mbili zikaendelea. Niliporudi, kuku yule alikuwa anatembeza vifaranga kwenye randa.

Sasa tupige hesabu. Kuku huatamia siku 21, yaani dakika 30,240. Basi dakika moja ya fundi wangu, kwa uchache, ni dakika 15,120 za kwenu. Tukihesabu kuanzia saa sita usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, sekunde bilioni mbili zilitimia usiku wa kuamkia 25 Aprili 2025, siku moja kabla ya sikukuu ya Muungano. Katika muda huo tumepata marais sita. Kwa saa ya fundi, yote hayo ni kazi ya siku moja na nusu. Ndiyo maana anashangaa nikilalamika.

Na msiseme ni hali ya hewa ya Pwani. Huko huko, kwenye mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini pale Pugu, wanaishi popo kwa maelfu. Hawana saa, hawana simu, hawana mtu wa kuwapigia debe. Giza likianza kuingia wanatoka, kila siku, bila kusingizia umeme, msiba wala vanishi kupanda bei.

Nimetafakari tofauti iko wapi, nikaiona: popo hajapokea kianzio.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiagiza kitanda, mpelekee fundi mbao, mnunulie na chai na chapati. Pesa ya ufundi ibaki mfukoni mwako mpaka godoro litandikwe.