Uzee wa Kuchangishwa

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mimi sikusubiri sera. Nilitangazwa mzee na konda wa daladala pale Buguruni nikiwa bado na hamsini na kitu: "Mzee wangu shikamoo, ingia ndani, nafasi zipo!" Nafasi hazikuwepo. Nilisimama hadi Posta, mkono mmoja umeshika bomba, shingo imeinama, na hakuna kijana aliyeinuka.

Tangu hapo nimeujua uzee wetu ulivyo. Kukiwa na harusi kwenye ukoo, mimi ndiye mshenga, mimi ndiye mwenyekiti wa kamati, na mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha ya michango, kwa sababu eti mzee lazima aonyeshe njia. Nikirudi nyumbani, kwenye meza niliyoinunua kwa jasho langu, binti yangu anasogeza kikopo cha chumvi nisikifikie. "Baba, presha." Rimoti iko kwa wajukuu. Funguo za gari amezificha mama watoto tangu niguse ukuta wa jirani, ukuta ambao mtaa mzima unajua umejengwa barabarani. Nina mamlaka ya kufungua vikao kwa sala, sina mamlaka ya kuongeza chumvi kwenye mchuzi.

Na hili la kusahau. Mwanangu akiacha simu kwenye bodaboda, inasemwa ana mambo mengi. Mimi nikiingia chumbani nikasimama kidogo kutafakari nilichofuata, nyumba nzima inatazamana, na jioni simu zinapigwa mpaka Mwanza: "Mzee ameanza." Nimeanza nini? Akili ya mtu mzima haiondoki yote siku moja. Majina ya watu ndiyo yanayochelewa kuja. Maneno mengine yanabaki, na kwa wengi yanazidi kuongezeka hata ukishafika sitini. Ndiyo maana jina la mkwe wangu linanipiga chenga, lakini maneno ya kumwambia ninayo tele.

Masikio nayo yana mambo yake. Daktari alinieleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, kwa hiyo mzee anaweza kumsikia vizuri mwanamume mwenye sauti nzito huku maneno ya wanawake na watoto yakimfikia nusunusu. Nilimpelekea mama watoto taarifa hiyo ya kitaalamu kwa nia njema kabisa. Hakuipokea kitaalamu. Alisema ameona kinachopotea ni "hela ya gesi" tu, "chakula tayari" kinafika hata nikiwa uani.

Kuhusu macho sitasema mengi. Lenzi ya jicho hukakamaa kidogo kidogo, na ukishafika umri wa arobaini na kitu kusoma kwa karibu kunakuwa kazi, hilo limeshazoeleka, na miwani ipo. Ninachotaka kujua ni nani aliyeamua karatasi ya maelezo ya dawa za presha iandikwe kwa herufi za saizi ya sisimizi, halafu juu yake waweke "soma kwa makini".

Twende hospitali sasa. Kulikuwa na bango ukutani la kuwataka watu wawapishe wazee wahudumiwe kwanza. Zuri. Shida ni kwamba kwenye lile dirisha letu tulijaa wazee watupu, kila mmoja anasubiri kupishwa. Nilipoingia kwa daktari, kijana wa heshima, akaniamkia vizuri, kisha akamgeukia binti yangu: "Mzee anapata choo?" Binti akajibu anapata, ila kwa shida. "Usiku analala?" Anaamka amka. "Kula je?" Anapenda sana chumvi. Wakaendelea hivyo kama wanauziana gari, mimi nimekaa katikati na choo changu. Nilipojaribu kuchangia, binti akaniambia, "Baba, subiri kwanza." Jamani, mgonjwa ana mdomo. Muulizeni yeye, akikwama ndipo mumuulize aliyemsindikiza.

Angalau kijiweni naulizwa. Zamani pale kwenye kahawa na kashata tulibishana Simba na Yanga hadi watu wakanuniana wiki nzima. Siku hizi tunabishana vipimo. Mmoja anataja 150 kwa 95, mwingine anamzidi, na anayesema yake ni 120 kwa 80 tunamwona anajidai. Tezi dume, ambayo zamani hakuna mwanamume aliyeitaja hadharani, sasa inajadiliwa kwa sauti mpaka muuza kahawa anasogea pembeni. Lakini benchi lenyewe limepwaya. Aliyekuwa akinibishia zaidi tulimzika, na sijapata mwingine mwenye ujuzi ule wa kuniudhi. Wengine wamehamia kwa watoto wao huko Mbezi na Kibaha, nauli na magoti haviruhusu, kwa hiyo tunaonana misibani.

Na huko msibani ndiko ninakokutana na nyinyi, wapwa, majirani wa zamani na wanafunzi wa zamani. Unanishika mkono, unanikodolea macho, unacheka, unauliza: "Mzee, unanikumbuka mimi?" Acheni mchezo huo. Anza na jina lako, fuatisha la baba yako, taja na mtaa. Atakayeniuliza tena kama namkumbuka nitamjibu hapana, hata akiwa mwanangu wa kumzaa.