Naomba Kusajiliwa Kama Bomba la Moshi

Mkurugenzi Mkuu,
Naturvårdsverket, Mamlaka ya Mazingira ya Uswidi,
Stockholm.

YAH: OMBI LA KUSAJILIWA KAMA BOMBA LA MOSHI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. (Najua kwenu hakuna waheshimiwa, hata bosi mnamwita kwa jina tupu. Mimi nimelelewa Tanga, nivumilie.)

Dirishani kwangu naliona bomba la moshi la Högdalen, kule wanakochoma taka za jiji ili sisi tupate joto majumbani. Nilikuwa nalihurumia. Kumbe mabomba ya aina yake yana bahati kunishinda! Tangu 1992 mnaitoza mitambo mikubwa ya nishati kwa kila kilo ya oksidi za nitrojeni inayotoka na moshi. Mlianza na krona 40, mkatafakari miaka 16, ndipo 2008 mkaongeza 10. Nauli yangu ya treni haijawahi kuonewa subira ya namna hiyo.

Hilo si neno. Neno ni kwamba mkishazikusanya, mnazirudisha! Mnabakiza kidogo cha kuendeshea ofisi, hakifiki hata asilimia 1, zilizobaki mnawagawia walewale waliolipa, kila mtambo kwa kadiri ya nishati uliyozalisha. Mwenye moshi mchache anaondoka na faida, mchafu anamlipia jirani. Mheshimiwa, nimepanga foleni kwenye madirisha mengi ya ada. Pesa inaingia, unapewa risiti, mnaagana. Kurudi? Hata chenji huwa inakwama.

Mimi nikiingia mjini na gari asubuhi, kamera inapiga picha namba, bili inanifuata nyumbani. Najua hiyo si ofisi yenu. Lakini gari langu ni dogo, halina moshi wa maana, na sijaona mgao.

Kigezo chenu nimekisoma: mtambo uzalishe walau uniti milioni 25 kwa mwaka. Jumapili nakaanga chapati 40, na vitunguu vya pilau vikianza kubadilika rangi king'ora cha moshi kinalia mpaka jirani wa juu anagonga sakafu. Naomba mtume mtu na kipimo. Uniti zikipungua, nitaongeza sambusa.

Mkitembelewa na wageni wa mamlaka za kwetu, tafadhali mpango huu msiutaje ghafla. Wengine wana presha.

Wako katika ujenzi wa taifa lenu,
Mkaazi, ghorofa ya nne.

Nakala: Bomba la moshi, Högdalen – kwa taarifa.